Koo la Mtoto: Tukate au Tungoje?



Bila shaka usiku wa namna hii unaujua. Mtoto anaamka, mwili wake ni wa moto. Anakataa uji. Anakataa hata maji. Ukimwuliza anaumwa wapi, anashika shingo. Unawasha tochi, unamwambia apanue kinywa. Unaona vitu viwili vyekundu vimevimba pande mbili za koo.

Asubuhi kila mtu ana shauri lake. Bibi anasema, "Mpelekeni akakatwe kimeo." Jirani anasema, "Mpelekeni hospitali wakazitoe hizo tonsesi. Wa kwangu walimtoa, akapona." Mwenye duka la dawa anasema, "Chukua hizi za rangi mbili, nne zinatosha." Na baba wa mtoto anasema, "Mwacheni, atakua."

Tumfuate nani kati ya hao wanne?

Mimi si daktari. Ni mwalimu wenu wa kisomo, na ni mzazi kama ninyi. Jambo hili lilifika nyumbani kwangu. Nilikosea, nikafundishwa. Kwa hiyo nataka niwaambie maoni yangu, na ninyi mkayajadili darasani.

Maoni yangu ni haya. Kwanza, kimeo cha mtoto kisikatwe kijijini hata siku moja. Pili, tezi za koo zisitolewe kwa hofu wala kwa kumwiga jirani. Zitolewe kwa sababu inayoweza kuhesabiwa au kuonekana. Tatu, sababu hiyo ikiwepo, tusikimbie kisu cha hospitali.

TUVIJUE VITU VYENYEWE

Kabla ya kusema tukate au tusikate, tujue tunasema juu ya kitu gani. Watu wengi huchanganya vitu viwili.

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia katikati, juu ya koo. Wengine hukiita kilimi. Kila mtu anacho. Kinasaidia chakula kisipande puani tunapomeza, na kinasaidia sauti. Si ugonjwa. Mungu hakukiweka pale kwa makosa.

Tezi za koo ni zile mbili za pembeni, moja kulia na moja kushoto. Hizo ndizo watu wa mjini huziita tonsesi. Kazi yake ni ulinzi. Ni kama askari wawili kwenye kizuizi cha barabara. Vijidudu vinavyoingia kwa kinywa hukutana nazo kwanza. Askari akipigana huumia, na tezi ikipigana huvimba. Hapo ndipo tunasema mtoto ana mafindofindo.

Tezi hizi huwa kubwa zaidi kwa mtoto wa miaka mitatu hadi saba hivi. Baadaye hupungua zenyewe. Kwa hiyo tezi kubwa peke yake si ugonjwa. Mtoto akiwa na tezi kubwa, lakini anakula, anacheza, analala vizuri na haumwi mara kwa mara, mwache.

JUU YA KIMEO

Katika mkoa wetu wa Songwe, na sehemu nyingine nyingi za Tanzania, wazee wengi wanaamini kwamba kikohozi kisichokwisha kinaletwa na kimeo kirefu. Mtoto akikohoa mwezi mzima, au akitapika, au akikonda, hutafutwa mkata vimeo. Anakuja na kisu chake au waya wake. Mtoto anashikwa. Kazi inakwisha kwa dakika moja.

Sitaki kuwatukana wazee. Walitafuta dawa kwa elimu waliyokuwa nayo. Lakini nitawaambia niliyoyaona.

Katika kijiji kimoja nilichofanyia kazi, mtoto wa miaka mitatu alikatwa kimeo jioni. Usiku damu haikukata. Mtoto alikuwa anaimeza, kwa hiyo wazazi hawakujua ni nyingi kiasi gani, mpaka alipoitapika. Walimchukua kwa pikipiki, kwenye giza na matope, mpaka hospitali. Alifika viganja vyake ni vyeupe kama karatasi hii. Aliongezewa damu, akapona.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Kikohozi kilikuwa kipo pale pale. Hospitali walimpima vizuri, wakagundua kwamba ana kifua kikuu. Alitumia dawa kwa miezi, akanenepa. Kimeo hakikuwa na kosa lolote. Kilihukumiwa bila kusikilizwa.

Hiyo ndiyo hatari kubwa ya kukata kimeo. Damu ni hatari. Kisu kichafu ni hatari, maana kinaweza kuleta pepopunda, usaha, hata virusi vya UKIMWI kikitumika kwa watoto wengi. Lakini kuna hatari nyingine isiyoonekana. Wazazi wanaridhika kwamba mtoto ametibiwa, na ugonjwa wenyewe unaendelea kumla kifuani.

Kikohozi cha wiki mbili na zaidi ni cha kupelekwa zahanati. Hakina haja ya kisu.

JINSI NILIVYOSHINDWA SWALI

Sasa nije kwangu. Binti yangu alipokuwa na miaka sita alikuwa mtu wa koo. Mimi nilikuwa nasema kwa watu, "Huyu anaumwa koo kila mwezi." Mfanyakazi mwenzangu akanishauri nimpeleke Mbeya akatolewe tezi. Nikakubali moyoni. Nikaanza kuweka akiba ya nauli.

Mama wa watoto akasema, "Kwanza tupite zahanati." Tukaenda. Mganga alimtazama koo, akampapasa shingo, kisha akanigeukia mimi. Akauliza, "Mwalimu, mwaka huu ameumwa koo mara ngapi?"

Nikasema, "Mara nyingi."

Akasema, "Mara nyingi ni ngapi? Miezi gani? Kila mara alikuwa na homa? Alikuwa na mafua? Alipewa dawa gani, kwa siku ngapi?"

Nilinyamaza. Ndugu zangu, niliona aibu. Mimi ndiye ninayepita vijijini nikiwaambia watu waandike: waandike mavuno ya kahawa, waandike madeni, waandike siku ng'ombe alipopandwa. Lakini ugonjwa wa mtoto wangu sikuuandika hata mstari mmoja.

Mganga akanipa kazi. "Nenda kanunue daftari. Kila akiumwa koo, andika. Uje naye hapa kila mara, nami nitaandika kwenye kadi yake."

Nilifanya hivyo kwa mwaka mzima. Mwisho wa mwaka tulihesabu. Zilikuwa mara nne tu. Na mara mbili kati ya hizo alikuwa na mafua na kikohozi, yaani ilikuwa homa ya mafua ya kawaida, si mafindofindo. Ile "kila mwezi" ilikuwa kwenye kinywa changu, haikuwa kwenye koo la mtoto.

Hatukumkata. Sasa ana miaka kumi. Mwaka jana aliumwa koo mara moja.

HESABU YA MADAKTARI

Madaktari wana kipimo wanachokitumia nchi nyingi. Kiandikeni kwenye daftari:

Mtoto aumwe mafindofindo ya kweli mara saba au zaidi katika mwaka mmoja;
au mara tano au zaidi kila mwaka kwa miaka miwili;
au mara tatu au zaidi kila mwaka kwa miaka mitatu.

Mafindofindo ya kweli maana yake koo linauma, na pamoja na hilo kuna homa kali, au usaha mweupe kwenye tezi, au vivimbe vyenye maumivu shingoni. Koo la mafua halihesabiwi.

Mtoto ambaye hajafika hesabu hiyo kwa kawaida hupata nafuu mwenyewe kadiri anavyokua. Akikatwa, anapata maumivu mengi kwa faida ndogo. Na hata aliyefika hesabu hiyo si lazima akatwe. Maana yake ni kwamba sasa kuna jambo la kuzungumza na daktari wa masikio, pua na koo.

Msidhani kwamba kukata bila hesabu ni kosa la vijijini tu. Huko Marekani, katika jiji la New York, walichunguza watoto wa shule 1,000 wenye umri wa miaka 11. Taarifa ilitolewa mwaka 1934. Watoto 611 walikuwa wamekwisha kutolewa tezi. Walibaki 389. Wakapelekwa kwa madaktari, nao wakasema 174 kati yao wakatwe. Wakabaki 215, ambao waliambiwa ni wazima. Hao wazima wakapelekwa kwa madaktari wengine. Madaktari hao wakasema 99 wakatwe. Wakabaki 116. Wakapelekwa tena kwa wengine. Wakasema 51 wakatwe. Mwishowe walibaki watoto 65 tu ambao hakuna aliyetaka kuwakata.

Fanyeni hesabu hiyo ubaoni. Mnaona nini? Madaktari wale walikuwa wasomi, lakini walikata kwa mazoea. Walitazama tezi, hawakuhesabu ugonjwa. Siku hizi madaktari wameacha mazoea hayo kwa kiasi kikubwa. Nasi tusiyaanze.

Kwa hiyo mtu akikwambia mtoto akatwe, hata kama ni mtaalamu, muulize kwa heshima: "Daktari, ni kwa sababu gani? Tukingoja itakuwaje?" Daktari mzuri hakasiriki. Kuuliza si ujinga.

KUKOROMA SI NGUVU

Sasa nitasema upande wa pili, maana wapo wanaongoja pasipofaa kungoja.

Jirani yangu alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitano. Usiku alikuwa anakoroma mpaka chumba cha pili. Watu walicheka, wakasema amemrithi babu yake. Lakini mama yake hakucheka. Alikuwa anakaa kitandani kumsikiliza. Mtoto alikuwa anakoroma, halafu kimya. Pumzi imekatika. Mama anahesabu moja, mbili, tatu, nne. Kisha mtoto anashtuka kama aliyetoka majini, anavuta hewa, anaanza tena. Asubuhi anaamka amechoka. Anasinzia mchana. Hakui kama wenzake. Anapumua kwa kinywa.

Mtoto huyo alikuwa hana homa wala usaha. Ukimpima kwa ile hesabu ya mara saba, hakupata hata moja. Lakini tezi zake zilikuwa zimeziba njia ya hewa. Hiyo ni sababu nyingine kabisa ya kuzitoa, na kwa mtoto wa namna hiyo ni sababu kubwa.

Baba yake alikataa. Alisema, "Mwanangu hatakwenda kuchinjwa." Mama alinunua ugomvi. Akamwambia, "Usiku huu wewe ndiye utakayekaa macho, mimi nitalala." Baba alikaa. Alisikia kimya kile mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Alfajiri alikuwa ameshavaa viatu.

Walipewa barua ya rufaa, wakaenda, mtoto akatolewa tezi. Sasa analala. Mama yake ananiambia kwamba wiki za kwanza alikuwa anaamka usiku kwa hofu, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno.

Sababu nyingine ambayo daktari anaweza kuifikiria ni jipu la usaha linalotokea pembeni ya tezi, hasa likirudi mara ya pili.

USICHEZE NA DAWA

Wengi wetu tukisikia "ngoja", tunadhani maana yake ni kukaa bure. Kungoja kuna kazi.

Koo nyingi za watoto huletwa na virusi. Hizo hupona zenyewe kwa siku chache. Mpe mtoto maji, uji usio wa moto, na dawa ya kutuliza maumivu kwa kipimo cha umri au uzito wake. Usimpe mtoto asipirini. Vidonge vya rangi mbili haviui virusi. Kununua vinne dukani ni kutupa fedha na kuwafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Lakini zipo koo zinazoletwa na bakteria. Hizo zinaweza kuleta hatari kubwa, hasa kwa watoto wa miaka mitano hadi kumi na mitano. Mtoto anapona koo. Wiki mbili au tatu baadaye anaanza kuumwa viungo: leo goti, kesho kiwiko. Ana homa. Huo ni ugonjwa wa homa ya baridi yabisi. Unaweza kuharibu milango ya moyo, na mtoto akaishi akihema maisha yake yote. Wapo vijana wa nchi yetu wanaopasuliwa moyo Dar es Salaam kwa ugonjwa ulioanza kama koo.

Kinga yake ni dawa ya penisilini inayotolewa na mganga baada ya kumpima mtoto. Inaweza kuwa sindano moja, au vidonge vya siku kumi. Siku kumi ni kumi. Mtoto akichangamka siku ya tatu, usiweke dawa kabatini ili imfae mdogo wake. Maliza.

Pia hakikisha watoto wamepata chanjo zote. Katika chanjo za utotoni imo kinga ya dondakoo, ugonjwa wa koo ulioua watoto wengi zamani.

Mpeleke mtoto hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ukiona dalili hizi: anashindwa kumeza mate, yanamtoka, anapumua kwa shida au kwa mlio, hawezi kupanua kinywa, shingo imekakamaa au imevimba upande mmoja, ana utando wa kijivu kooni, au amelegea na hataki kunywa kabisa.

MKIAMUA KUKATA

Upasuaji wa tezi hufanyika hospitali, mtoto akiwa amelazwa usingizi kwa dawa. Njia ni ile ile ya siku zote. Anza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa pale Vwawa, na inapohitajika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Chukua kadi ya mtoto na lile daftari lako. Uliza mapema gharama, na bima yako inalipa nini.

Mwambie daktari kama mtoto hutoka damu puani mara kwa mara, au kama katika ukoo kuna mtu ambaye damu yake haikati upesi, au kama mtoto ana selimundu. Usifiche. Na ukiambiwa mtoto asile kitu kabla ya upasuaji, asile, hata akilia.

Utapewa karatasi ya kukubali. Zamani wengi wetu tuliweka dole gumba bila kujua limewekwa juu ya nini. Leo unajua kusoma. Isome. Neno usilolielewa, uliza. Kisha baba na mama mkubaliane, ndipo utie sahihi.

Baada ya upasuaji koo huuma kwa wiki moja hadi mbili. Mtoto anywe, anywe, anywe. Utando mweupe kwenye kidonda ni wa kawaida. Lakini damu si ya kawaida. Damu inaweza kutoka siku ile ile, na inaweza kutoka tena baadaye, hasa kati ya siku ya tano na ya kumi, wakati wewe umekwisha kusahau. Ukiona damu mbichi, au mtoto anameza meza mate usiku, au anatapika damu, mrudishe hospitali saa ile ile.

Kwa sababu hiyo nina ombi kwa ndugu wa milima ya Ileje, wa bonde la Momba, na wa vijiji vyote vilivyo mbali na barabara kuu. Msiwahi kurudi nyumbani. Kama una shemeji au mama mdogo mjini, Tunduma, Vwawa au Mbeya, kaa kwake wiki mbili. Shamba litangoja. Kama inawezekana, omba siku ya upasuaji isiangukie kwenye masika, wakati njia hazipitiki.

NENO LA MWISHO

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wazazi wetu walikaa kwenye vikundi. Walisikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo kama hiki, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walionyesha kwamba kusoma ni kwa ajili ya kutenda. Nasi tutende.

Kesho nunua daftari la kurasa chache. Andika jina la kila mtoto. Weka safu nne: tarehe, dalili, alipotibiwa, dawa na siku zake. Litundike ukutani na kalamu yake. Wakati wa kuamua ukifika, hutasema "mara nyingi". Utasema namba.

Bibi ataheshimiwa, jirani atasikilizwa, lakini daftari ndilo litakalotoa ushahidi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kimeo na tezi za koo vina tofauti gani?
2. Mtoto ameumwa mafindofindo ya kweli mara tatu mwaka huu, na mwaka jana hakuumwa. Je, amefika hesabu ya madaktari?
3. Kwa nini mtoto anayekoroma na kukatika pumzi asingojewe?
4. Katika kijiji chenu, nani huamua mtoto apelekwe hospitali? Je, ni vema iwe hivyo?
5. Kila mwanakisomo aandike safu nne za daftari lake na kumsomea mwenzake.